Sebule Yetu Bado Tupu

Mjukuu wangu Mwende,

Sijamwambia mtu mwingine jambo hili: sitaki makochi yaletwe hapa kwetu. Mama akisema twende kwa fundi, mimi husema nimechoka. Kuchoka nako ni kweli, tangu tuhame.

Nakuita mjukuu kwa sababu nina jina la nyanya yetu, na wewe uliniita Susu kama yeye kabla hujajua kusoma. Sisi tu wazima. Mbuzi tuliyekuja naye Makindu amezaa, nami nangoja matokeo ya mtihani. Uliuliza mbona bado tunakaa kwa mkeka.

Akina mama wa kanisa walipokuja kuiombea nyumba, mama aliona haya, akaazima makochi ya jirani. Tuliyabeba sisi wawili. Wageni walikaa wima, wakaomba, wakanywa chai, wakaaga. Tulipokwisha kuyarudisha, akaja bibi mmoja aliyechelewa. Akakuta mkeka.

"Eeh, mwaitu, mama yangu, hapa sasa mtu ananyoosha miguu!" akasema, akivua viatu. "Viti mnavikimbilia nini? Hata nyumba yenyewe hamjaizoea."

Mama akaketi kando yake, akaanza kumsimulia maisha yetu ya Mutomo. Alilia, akacheka, kisha usingizi ukamchukua papo hapo. Alikuwa hajalala vizuri tangu tuje. Nikamfunika leso.

Siku hizi jioni tunakaa mkekani, na mama ananisimulia mimi pia. Makochi yatakuja tu, lakini yasije upesi. Tafadhali usimwambie mama yako, maana atampigia mama simu leo hii.

Susu wako