Gari la Mama Litavutwa Bila Mimi

Nyumba Na. 84-16, Ghorofa ya Tatu,
Elmhurst, Queens,
New York.

9 Machi 2025

Mpendwa Dada Nanimaya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Purnaratna na wote wa uani kwetu. Magoti yako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma Bi. Tirthadevi mwaka jana ilikusaidia, au uliigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na mama je, miguu bado inavimba jioni? Anakula? Usinijibu kwamba anakula vizuri. Niambie anakula nini.

Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha Sarmila kimekwisha, kimebaki kile cha kunikoholea mimi nikisema jambo asilolipenda mbele ya wageni. Prasiddhi yuko mwaka wa tatu chuoni na amekuwa mrefu kuliko mama yake. Mimi bado niko kwenye karakana ileile, narudishia miungu ya watu vidole vilivyovunjika. Juzi nimemaliza sanamu moja ya shaba iliyotoka kwetu Patan, nikaitambua nyundo ya mafundi wetu kabla sijaigeuza kuona mgongo. Nilifurahi, halafu nikaumia.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Tangu lini Sanukaji akaandika barua, na simu ipo? Dada, kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi, wewe umeshaimaliza, tena kwa namna isiyonipendeza. Karatasi haikatizwi, ndiyo maana nimempa Bi. Tirthadevi akuletee mkononi.

Jambo lenyewe nalisema mapema ili usihangaike kulitafuta huko chini. Sitakuja. Tarehe ishirini na sita, mama atakapotimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, akapambwa na kupandishwa kwenye gari la mbao, mimi mwanawe wa kiume wa pekee sitakuwepo kushika kamba na kumzungusha mtaani. Keti kwanza. Usimwite mama bado.

Uliniambia mwezi uliopita, na shemeji akisikia, "We Sanukaji, kijikaratasi cha kijani ndicho kinakushinda mama? Basi kikuzae hicho!" Nilicheka kwa sababu Sarmila alikuwa ananitazama. Nilipokata simu nilikwenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Sikulaumu, dada. Sijawahi kukueleza vizuri, na ukaidi wa kutoeleza wote tumeurithi kwa baba.

Mambo yako hivi. Ombi letu la ukaazi liko mezani kwa watu wa uhamiaji, na tumelingoja mwaka wa sita sasa. Wakati wa kungoja unaruhusiwa kuishi na kufanya kazi, lakini huruhusiwi kutoka nchini mpaka upewe kibali maalumu cha kusafiri. Ukitoka bila hicho, ombi lote linahesabiwa umeliacha mwenyewe. Hata kama umekwenda kumzika mzazi, hata kama umekwenda siku mbili tu. Wakili wetu, Bi. Delgado, aliniambia waziwazi: "Bwana Shakya, siku ndege itakapopaa ndiyo siku ombi lako litakufa. Na sitakuwa na mtu wa kumlaumu ila wewe."

Kibali hicho nilikiomba tangu Julai, mara tu yule mnajimu alipotupa tarehe ya mama. Kila nikirudi kazini nilikuwa nafungua sanduku la barua kabla ya kufungua vifungo vya koti langu. Yalikuwa yanakuja matangazo ya piza. Hadi leo hakijafika.

Ndipo wakili akasema kuna njia ya dharura: niende ofisini kwao na barua ya daktari inayoonyesha hali ya mama. Ndiyo ile barua uliyoipangia foleni hospitali kuanzia asubuhi, na magoti yako hayo. Nakuomba radhi mapema kwa ninayotaka kukuambia, maana kosa si lako.

Barua ilifika, tukampelekea binamu yetu Asakaji aitafsiri, si unamjua anavyojisifu kwa lugha. Akatafsiri moyo, akatafsiri mapafu, angetafsiri mpaka kusafisha sakafu kama kungekuwemo. Tarehe akaiacha kama ilivyo: tano Magh, 2081. Mimi nikaisoma, Sarmila akaisoma, Asakaji akapiga muhuri wake. Hakuna aliyeona tatizo. Kwani kwetu mwaka huu si 2081?

Nikavaa koti la harusi ya Asakaji, nikaenda. Mama wa dirishani alikuwa mpole kabisa. Akasoma, akarudia, akanitazama juu ya miwani.

"Samahani, bwana, mama yako ataugua lini?"

Nikamwambia anaumwa sasa hivi. Akanigeuzia karatasi, akaweka kalamu juu ya tarehe.

"Hapa daktari amempima mwaka elfu mbili themanini na moja. Mwaka huo mimi sitakuwepo. Na wewe, usinichukie, nina wasiwasi nawe."

Dada, nilicheka. Nilicheka pale dirishani mpaka mlinzi akasogea, halafu nikaona machozi yananitoka na kicheko kimekwisha zamani. Nilijaribu kumweleza kwamba kalenda ya kwetu inaitangulia ya kwao kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliniamini, nadhani. Lakini hawezi kuweka kwenye faili hati ya mwaka ambao haujafika. Akaniambia itafsiriwe upya, pamoja na tarehe, nirudi. Siku ya karibu kabisa iliyokuwa na nafasi ni tarehe mbili Aprili, na gari la mama ni tarehe ishirini na sita Machi. Nimekosa kwa siku saba. Hata ningelalamika, ningemlalamikia nani? Ni sisi wenyewe, watu watatu wazima, tuliosoma tarehe ileile tukaona ni leo.

Asakaji kwa aibu alikuja na dawa yake nyingine. "Nenda tu, bwana," akasema, "nani atajua? Watu milioni ngapi wanatoka hapa kila siku?" Nikamwambia, "Wewe ndugu yangu, mwaka tu umekushinda, leo unataka kunipangia safari?" Lakini sikufichi, lile neno lilinikaa. Nilitoa sanduku chini ya kitanda. Niliweka ile topi nyeusi, kofia ya baba, niliweka shati. Nikajisemea, wacha life, nitaomba upya, miaka sita si umri.

Aliyenitoa kwenye wazo hilo ni Prasiddhi, na hakukusudia. Alinikuta nimekaa na lile sanduku wazi.

"Baba, nenda," akasema. "Bibi ni mmoja. Mimi nitajijua."

"Utajijua wapi?"

"Popote. Mimi si mtoto."

Hapo ndipo penyewe, dada. Yeye na mama yake wamo ndani ya ombi langu. Langu likifa, yao yanakufa siku hiyohiyo. Agosti anatimiza miaka ishirini na moja, na kwa sheria za huku, ombi jipya halitampokea tena kama mtoto wangu. Angetoka kwenye karatasi zetu moja kwa moja. Mtoto aliyekuja hapa akiwa na miaka minane, anayeota kwa lugha yao, angebaki hana huku wala huko. Naye alikuwa analijua hilo lote. Amesimama mlangoni, ananifungia zipu ya sanduku, ananiambia niende.

Nilitoa nguo, nikalirudisha sanduku chini ya kitanda. Nimemchagua mtoto, dada. Najua mama naye, angekuwa yeye, angefanya hivyohivyo, na kujua huko hakunipunguzii chochote.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Kamba ya mbele ni ya mwana wa kiume, na wazee wa ukoo wataanza kutafuta binamu wa kuishika. Wakatae. Ishike wewe. Ni nani aliyemwosha mama miguu miaka hii kumi na miwili, binamu? Wazee wakiguna, na wataguna, waambie mwenye kamba ameandika kwa mkono wake, na wasome hapa: mimi Sanukaji Shakya nimempa dada yangu Nanimaya nafasi yangu. Usimpe mtu mwingine hata akivaa vizuri namna gani.

Bi. Tirthadevi atakukabidhi kifurushi kizito kidogo. Ni pete ya shaba, kubwa ya kutosha kiganja kizima. Nimeifua mwenyewe baada ya kazi, kwa muda wa jioni kumi na moja, na bosi wangu alijifanya haoni. Ndani yake nimechonga majina yetu wote, hata la baba. Ifunge mwisho wa kamba, uishike hiyo wakati unavuta. Ukisikia imepata moto, ujue ni mikono yako mwenyewe, usianze kunipigia simu unalia barabarani. Kulia tutalia sote jioni, kwa simu, na mama akiwa ameshashuka na kula.

Mpeleke mama taratibu kwenye ile kona ya kisima, mawe pale yamenyanyuka. Mfunike mabega. Akianza kuwagombeza wapiga ngoma kwamba wanakosea, mwache, ina maana ana nguvu.

Nisalimie shemeji Purnaratna, mwambie deni la ile chupa ya pombe ya mchele nitalilipa kwa kuinywa naye. Nisalimie shangazi Dhanmaya na wanao wote wawili. Sarmila anawasalimu sana, anauliza mbegu za figili. Prasiddhi anasema ataangalia kwenye simu tangu mama anapopandishwa mpaka anaposhushwa, mtu mmoja apewe kazi ya kushika simu tu, na asiwe shemeji, maana mara ya mwisho tulitazama viatu vyake saa nzima.

Gari likisharudi uani, hiyo pete usiiweke kabatini. Itundike ukutani karibu na kitanda cha mama, aione kila akifungua macho. Nimekwisha kumpigia hesabu. Gari la pili hupandwa mtu akitimiza miaka themanini na mitatu, miezi minne na siku nne. Toka hili hadi lile ni miaka mitano, miezi minane na siku ishirini na saba. Lile nitalivuta mimi, na Prasiddhi atakuwa nyuma yangu, na wewe utapanda pembeni ya mama kwa sababu ya magoti.

Sasa mwite. Mwambie polepole, kwa sikio la kulia ndilo linalosikia. Mwambie huku wana sheria kwamba mwenye ombi linalongoja hatoki mpaka apewe ruhusa. Mwambie mwanawe ameitii sheria hiyo, na imemuuma kuliko kitu chochote alichowahi kutii. Sasa nami nina ombi kwake yeye, na ombi langu linangoja. Asitoke kabla sijafika.

Mungu wa uani kwetu awalinde nyote, na siku hiyo mvua isinyeshe.

Ni mimi mdogo wako, unayenigombeza na ninayekupenda,

Sanukaji