Kapu la Nyanya Lililobaki Dukani

Ofisi ya Mifugo,
Kakuma,
kupitia Lodwar.
9 Oktoba 1977.

Mpendwa Kaka Etabo,

Ejok, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Jepkoech na watoto, na kwamba baridi ya huko Nakuru haijawatesa sana. Kifua chako kinaendeleaje? Ulisema daktari amekukataza kulala karibu na dirisha. Mtii, maana wewe ni mbishi tangu tukiwa wadogo. Sisi huku tu wazima. Jua ni lile lile, na upepo unatia mchanga ndani ya sufuria na ndani ya mafaili yangu bila ubaguzi.

Mke wangu Aregae anakusalimu. Hamjaonana, lakini anakujua kwa hadithi zangu, na anataka kuhakikisha kama ni kweli ulimpanda punda wa padri akakutupa ziwani mbele ya watu wa kanisa. Nimemwambia ni kweli, na kwamba nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Simu ya maandishi niliyokupelekea kupitia posta ya Lodwar ilikuwa ya maneno machache: nyanya Akal amefariki, tumekwisha kumzika. Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kama aliteseka. Hapana. Homa ilimshika kwa muda mfupi, shangazi Asekon akawa naye, akalala asiamke. Wamemzika kando ya nyumba yake, mahali ambapo upepo wa ziwa unampata. Mimi nilifika Kataboi wakiwa wamekwisha kurudisha majembe kwa wenyewe, kwa sababu lori letu liliharibika njiani.

Swali lako la pili lilikuwa kama aliwahi kuwaona wakwe zangu kabla hajatuacha. Hilo ndilo limenichelewesha kuandika. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana. Ndiyo, aliwaona, na kwa jinsi nilivyomfikisha kwao ningependa asingewaona kabisa.

Nikukumbushe kwanza, ingawa huhitaji kukumbushwa. Unakikumbuka kile kichanja chake cha kuanikia samaki, pale karibu na mikoma. Tulipofika kwake, mimi na wewe, wazazi hatuna na mbuzi hatuna, yeye ndiye aliyetufundisha kupasua ngege bila kukata vidole. Nusu ya wanawake wa Kataboi walijifunza kazi ile mkononi mwake, na mtoto yeyote aliyepita na njaa alijua pa kunyoosha mkono. Lakini safu ya mwisho ya kichanja hatukuruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya wageni.

Nawe unajua wageni wenyewe walikuwa nani. Ni watu wa mifugo, walioshuka kutoka milimani mwaka wa njaa baada ya ng'ombe kuisha. Watu ambao wangekuambia uso kwa uso kwamba samaki ni chakula cha maskini asiye na hata mbuzi wa kufunga. Nyanya hakubishana nao. Aliondoa kichwa, akaondoa miiba yote mmoja mmoja, akamchambua samaki mpaka akawa hana umbo, kisha akamchanganya na uji wa makoma. Alipowapa alisema tu, "Kuleni, ni chakula cha huku." Mtu akala, akashiba, akarudi kwao akiapa kwamba samaki hajawahi kumgusa mdomoni. Sisi wawili tulikuwa tukijificha nyuma ya nyumba tukiwacheka, naye alikuwa akitufukuza kwa fimbo.

Basi mimi, niliyelelewa kwa samaki wale, nilipopata kazi Kakuma niliona haya. Utanisamehe kaka, nasema lilivyo. Ofisini kwetu mtu anapimwa kwa mifugo ya kwao. Nilipoanza kumposa Aregae, baba yake, mzee Lokorio, aliniuliza watu wetu ni watu wa nini. Nikamjibu kwamba ni watu wa mbuzi na ngamia. Mbuzi wachache nilionunua kwa mshahara wangu nikawaita mbuzi wa nyanya. Ngamia sijui niliwatoa wapi.

Mwezi wa Julai nyanya akaja. Hakuniuliza. Alipanda lori la samaki mpaka Lodwar, akapata jingine mpaka hapa, akashuka na vumbi kichwani na kapu lake la majani ya mkoma limejaa, limefungwa kwa kamba. Alisema hawezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu, hajafanya hivyo maisha yake yote na hataanza uzeeni. Harufu ilifika ofisini kabla yake. Wenzangu walitazamana, nami nikahisi masikio yanawaka.

Nilimpokea kapu nikijifanya namhurumia kwa uzito wake. Nikalipeleka dukani kwa Omollo, yule Mjaluo anayeuza sukari na blanketi, nikamwambia alichukue, ni zawadi. Niliporudi nikamwambia nyanya kwamba wakwe zangu hawali vitu vile, kwamba nimenunua tumbaku na majani ya chai, tutapeleka hivyo. Alinitazama kidogo, kisha akajifunga shuka yake upya.

Tukaenda. Kaka, unamjua nyanya yetu kwa maneno. Alikuwa akiongea na watu, na mbuzi, na hata na ziwa lenyewe likichafuka. Siku ile kwa mzee Lokorio alikaa kimya. Aliamkia, akajibu alipoulizwa, mikono yake akaiweka mapajani kama mtu aliyeazima mikono ya mwingine. Tumbaku niliitoa mimi. Mzee Lokorio alikuwa akimtazama, kisha akitazama chini. Mimi, mjinga, nikadhani mambo yamekwenda vizuri.

Kesho yake nilimsindikiza kwenye lori. Nikawa nasema mambo ya njia na ya maji ya kunywa. Alipokwisha kukaa juu ya magunia aliinama, akaniambia bila hasira yoyote, "Ereng, nilikuwa nimekwisha kuwatoa miiba yote."

Ni hayo tu. Lori likaondoka. Sikumwona tena akiwa hai.

Jioni ile nilikwenda kwa Omollo kulidai lile kapu, nikisema moyoni nitalipeleka kwa wakwe hata kama nimechelewa. Omollo aliniambia, "Ndugu yangu, hiyo samaki ilikuwa tamu sana, tumemaliza yote na bibi yangu. Mama yako alifanya nini hata mifupa haina?" Alinishukuru mbele ya wateja mpaka nikatamani kutoweka. Akanirudishia kapu tupu. Limekaa hapa nyumbani tangu siku ile, Aregae akiniuliza kwa nini silitumii.

Sasa sikiliza habari za matanga. Wakwe walikuja Kataboi. Sikuwatazamia, maana ni mbali, lakini mzee Lokorio alikuja mwenyewe na Aregae na wanawake wawili wa kwao, wakiongoza beberu. Kabla hajasalimia mtu alikwenda kaburini, akafikicha tumbaku kidogo, akainyunyiza juu ya mawe. Hapo uwongo wangu ulikuwa umekufa, kwa maana mtu mwenye macho huona: hakuna boma la ngamia, hakuna chochote, ni kichanja na nyavu na maji.

Shangazi Asekon akaniita pembeni akaniuliza tuwape wakwe nini wakati beberu anachunwa. Alisema samaki wa nyanya wa mwisho bado wako kichanjani. Alinitazama kwa namna yake ile unayoijua, ya kukuachia useme mwenyewe. Nikamwambia apike. Nikataka kuwa mwanamume japo siku moja, nikachukua bakuli mwenyewe, nikamwekea mzee Lokorio mbele yake, nikamwambia, "Baba, hii ni samaki. Nyanya alikuwa mtu wa samaki, na mimi pia."

Alinusa, akala tonge moja. Akatafuna polepole sana. Kisha akasema, "Yeye hakuniambia ni nini, na mimi sikumwuliza."

Sikuelewa, kaka. Ndipo akanieleza. Mwaka ule wa njaa alishuka pale pale Kataboi, amezika mtoto njiani, hana kitu mkononi. Mwanamke mmoja akamlisha mpaka akapata nguvu za kurudi, wala hakumwuliza jina. Huenda mimi na wewe tulikuwa nyuma ya nyumba tukimcheka.

"Nilimjua mara tu alipoketi kwangu Kakuma," akasema. "Nilingoja siku nzima atoe kile chakula. Hakutoa. Nikadhani amenisahau, nikaona haya kumkumbusha."

Nikamwambia kwamba hakumnyima, kwamba alikuja na kapu zima, na aliyelichukua ni mimi. Nililisema lote, na duka nikalitaja. Nilitazamia anilaani, au amchukue binti yake waende. Badala yake alisukuma bakuli likawa katikati yetu, akaniashiria nile.

Nikala. Kaka, nilikuwa nikitafuta kwa ulimi, sijui kwa nini, na sikukuta mwiba hata mmoja. Nikamwuliza shangazi Asekon kama ni yeye aliyewachambua. Alisema hapana. Alisema tangu nyanya arudi kutoka Kakuma hakuanika samaki mwenye miiba. Alikuwa akikaa pale mikomani akiwachambua wote, hata wa kula wenyewe, na alipoulizwa alisema huenda wakwe wa Ereng wakaja siku moja.

Unisamehe ukiweza. Ukishindwa, uniandikie hivyo hivyo, nitapokea.

Mwalimu Mureithi anakwenda likizo kwa njia ya Kainuk na Kitale, atapitia kwako. Nampa barua hii pamoja na lile kapu. Ndani yake mna samaki wa mwisho wa mkono wake, waliobaki siku ya matanga. Usiwale peke yako. Mwite jirani yeyote, hasa yule anayesema hali samaki.

Msalimie sana shemeji Jepkoech na watoto, na mzee Cornelius wa hapo kwenu aliyenipa malazi nilipopita Nakuru. Shangazi Asekon anasema ukija Kataboi ulete chumvi, na uje kweli. Mungu awalinde nyote, awape riziki ya kutosha na ya kubakiza kwa mgeni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na mwenye haya mbele yako,

Ereng