Mwasmini wa mwezi wa saba

Najma!! Shoga, leo nimeumbuka!

Jana si nilimwambia shangazi Mwanamkuu pale Kariakoo, mbele za watu, "Kipupwe hiki mwasmini wangu hautoi ua, vikuba vya kuvaa kifuani harusini Jumamosi tushonee maua ya plastiki"? Akanunua kweli, analalamika njia nzima mpaka Magomeni.

Sasa leo asubuhi natoka uani, mti mweupe pee! Mwezi wa saba, Najma! MWEZI WA SABA!

Bado nimeduwaa, shangazi huyo mlangoni. Nikaona ataniita mchoyo, nikautupia mti kanga kama nimeanika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nini kinanukia?"

Nikasema marashi. Marashi! Na mimi hata uso sijanawa!

Kaenda moja kwa moja, kafunua kanga, kaniangalia. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Kanga hiyohiyo ndiyo akachumia maua yote. Yote, Najma!

Anaondoka, akaniwekea mfuko wa maua yake ya plastiki mkononi.

"Jumamosi wenzako wote watavaa asmini. Wewe kikuba chako hiki hapa. Kipulizie marashi yako."