Vijiti vya Mtini wa Mama

Calama, 4 Juni 1965

Kwa Dada Eduvina,

Salamu nyingi, natumai kifua kimepoa. Sisi wazima, ila mume wangu Baldomero anakohoa vumbi la mgodi. Dada, najua umeninunia kwa kutokuja kumuuguza mama, wala kumzika. Sina la kujitetea. Naomba tu vijiti vya mtini wake nipande hapa uani, wanangu wale tini za bibi yao.

Mdogo wako,
Nolfa

Huasco, 20 Julai 1965

Mdogo wangu Nolfa,

Salamu zimefika. Kifua kinakwenda na siku. Mama alikuita miezi minane hukuandika, leo unaandika kwa ajili ya tini. Haya. Nimekukatia sita, mwezi ukipungua, kama alivyotufundisha. Fukia macho matatu ya kila kijiti mchangani, mawili yabaki juu, na uvikinge na jua. Visiposhika, usiseme sikukupa.

Dada yako,
Eduvina

Calama, 2 Novemba 1965

Dada mpenzi,

Hujambo? Kwetu salama. Vijiti vyote vimeoza. Jirani yangu Bi Herminda alinishika viganja akasema, "Una mkono wa moto, mwenzangu. Wewe hata ukipanda jiwe litakauka." Baldomero alicheka mpaka kikohozi kikambana. Nami nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni. Nitumie vingine.

Mdogo wako,
Nolfa

Huasco, 15 Julai 1966

Mdogo wangu,

U mzima? Hivi hapa vinane. Huenda ni mkono kweli, maana hata mnanaa ulikuwa ukikufia. Au mti unawajua waliomuuguza mwenye mti.

Dada yako,
Eduvina

Calama, 28 Oktoba 1967

Dada,

Natumai u mzima. Hata vya mwaka huu vimekauka. Mara ya tatu hii. Sitakusumbua tena, sasa naamini mama amenikataa.

Mdogo wako,
Nolfa

Huasco, 9 Septemba 1968

Nolfa mdogo wangu,

U hali gani? Huku hali si hali. Mfereji umekauka, na mbuzi waliosalia wameubambua mtini gome lote. Umekufa. Nilikata vijiti arobaini, hakikushika hata kimoja. Ningekuomba wewe, lakini najua huna. Vile vyako, kila mara kabla ya kuvifunga nikutumie, nilivichovya kwenye maji yanayochemka. Nilitaka nawe uite usiitikiwe, kama mama. Yeye hakukukataa, alikufa akikuulizia. Nisamehe.

Dada yako,
Eduvina

Calama, 1 Oktoba 1968

Eduvina,

Barua nimeipata. Usiniandikie tena.

Miaka mitatu nilichuchumaa mbele ya makopo nilimopanda vijiti vyako kila asubuhi, nikimwomba mama radhi. Kumbe naziomba radhi kuni. Wanangu waliniona. Binti yangu hagusi mmea wowote, anasema amerithi mikono yangu. Jana nilimwambia mikono yetu haina kosa. Hakuniamini.

Nolfa