Kisanduku cha Tivi Kina Nafasi Mbili Tu

Lynn na Gatimu,

Chai iko kwa thermos. Viazi msivimalize, baba yenu anarudi kutoka Kagio saa nane.

Kisanduku cha tivi ~~nimekichomoa na waya nimebeba~~ nimekirudisha. Lakini someni hapa vizuri: kinatuma tivi kwa kompyuta mbili tu. Ya tatu ikiomba, inaambiwa hakuna nafasi.

Leo asubuhi ya tatu ilikuwa ya Shosho, nyanya yenu. Mnajua vile yeye hufanya tangu mguu ukatae kupanda mlima wa kanisa. Anavaa sare ya kina mama na kitambaa cheupe, anakaa wima mbele ya kompyuta na sadaka mkononi. Ibada haikufunguka. Saa nne nimempata bado amekaa hivyo, ati anangoja pasta afike.

Ndiyo maana nilipiga kelele. Gatimu, wewe ulikuwa unatazama marudio ya mpira, umekubali. Lynn, ulisema si wewe. Nikakuita mwongo, ukatoka bila chai.

Sasa hivi nikitafuta sweta nimepata kompyuta yangu chini ya nguo za kupiga pasi. Bado iko kwa yale mapishi ya jana, imekwama pale nilipochomoa kisanduku. Sauti nilizima mwenyewe.

Nampeleka Shosho ibada ya pili kwa gari la Mama Wachuka. Shosho nitamwambia njiani, na atacheka. Lynn, wewe ndiye sijui nikuanzie wapi. Mayai yaliyofunikwa ni yako. Kula hata kama hujanisamehe.

Mama