Kioo cha Upande wa Abiria

Mgeta, 5 Novemba 1995

Mwanangu Kasimiri,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua nikipandisha kutoka bondeni. Wewe hujambo? Kifua je? Unakula jioni au unalalia chai?

Barua yako aliniletea Mikidadi wa lori la kabichi. Nimeisoma polepole, shule yangu unaijua ni ile ya kisomo. Unasema nihamie kwako Msamvu, maana tangu baba yako atutoke huu mwaka wa tatu nakaa peke yangu. Ni kweli mwanangu. Ugali bado nasonga wa watu wawili, mkono umezoea, unaobaki wanakula kuku. Asubuhi nikiamka nawasalimia hao hao kuku.

Lakini Morogoro siwezi. Joto la huko chini litanimaliza. Na ndani ya ile pikapu ya baba yako ndiyo kabisa, sitafika. Njoo wewe. Hujapanda huku tangu arobaini ya baba yako.

Nimekutumia njegere. Kikapu kirudi.

Mama yako.


Msamvu, 18 Novemba 1995

Mama, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, kifua hakina neno, na nakula.

Hilo la joto nimelipatia dawa. Pikapu ya baba naifunga kiyoyozi. Usicheke. Siku hizi magari ya Ujapani yanaingia kila wiki, na yakigongwa yanauzwa vipande vipande. Fundi Rehani amepata kompresa, ile mashine yenyewe ya kuleta ubaridi, kwenye teksi iliyopinduka. Walioitengeneza pikapu yetu hawakuacha nafasi ya kitu kama hicho, kwa hiyo anachomelea chuma cha kuishika pembeni ya injini, na mabomba atayapitisha chini ya dashibodi. Kile kioo cha upande wa abiria si hakishuki, na ule mkono wa kukizungushia sijui ulipotelea wapi. Basi tumekiziba na mpira pande zote ubaridi usitoke. Utakaa pale mama kama uko barazani kwako.

Kupanda huko kwa sasa siwezi, kazi zimenibana. Kikapu hicho, anacho Mikidadi.

Mwanao, Kasimiri.


Mgeta, 3 Desemba 1995

Kasimiri mwanangu,

Salamu nyingi kama mvua ya huku, haijakatika wiki nzima. Mimi naendelea. Wewe waendeleaje na hicho kifua?

Nauliza kifua kwa sababu. Umesahau kichomi kilivyokulaza ukiwa mdogo, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati? Halafu leo unajinunulia baridi unajiwekea miguuni! Vaa ile sweta ya bluu ukiwa ndani ya gari. Sitanii.

Scholastika jirani yangu nimemsomea barua yako, amecheka mpaka akakaa chini. "Winfrida, mwanao akutoe kwenye baridi ya Mungu akakuweke kwenye baridi ya kununua?" Nikacheka na mimi. Alipoondoka nyumba ikawa kimya, nikaisoma tena.

Nikakaa nawaza hicho kioo kilichozibwa. Mwanangu, usijisumbue. Gari liache lilivyo. Krismasi njoo hata kwa lori la Mikidadi, nitachinja jogoo.

Mama yako.


Msamvu, 28 Januari 1996

Mama, shikamoo.

Nisamehe ukimya. Krismasi najua ulinisubiri.

Kiyoyozi kimekamilika. Rehani alikiwasha, akaweka mkono pale panapotokea ubaridi, akaanza kucheza dansi katikati ya gereji. Jumapili iliyopita nilisema nikushtukize, nikaja kukuchukua. Nilifika Mlali. Pale injini ikachemka, kompresa inaielemea kwenye mlima. Nikageuza.

Rehani anasema tutatafuta rejeta kubwa zaidi ya kupooza injini. Vumilia kidogo.

Mwanao, Kasimiri.


Mgeta, 4 Februari 1996

Mwanangu mpenzi Kasimiri,

Leo sikuulizi kifua. Nakuuliza wewe mwenyewe, hujambo?

Mikidadi amekunywa uji hapa kwangu, ameniambia. Anasema alikukuta Mlali, kabla hata mlima haujaanza. Boneti imefungwa, hakuna moshi wala mvuke. Injini inanguruma, vioo viko juu, umekaa ndani peke yako unatazama mbele. Akakupigia honi mara tatu, akateremka akakuita jina, hukugeuka. Akadhani una maringo ya gari la baridi. Nikamwambia hapana, mwanangu hana maringo.

Basi na mimi niseme la kwangu. Sio joto. Nilikudanganya.

Siku ile tunamshusha baba yako hospitali, wewe umeshika usukani, yeye yuko upande wa kioo, mimi katikati nimemshika, huku nampepea na khanga. Akasema, "Nishushieni kioo." Nikazungusha, kioo hakiendi. Wewe ukamwambia, "Vumilia baba, tunakaribia." Akarudia tena, nishushieni kioo. Nikazungusha kwa nguvu zangu zote, ule mkono ukakatika ukabaki kiganjani mwangu. Tulipofika Mlali akanyamaza. Nikajua. Sikukuambia, maana wewe ndiye dereva, nikaogopa utatuingiza mtaroni. Nikamwegemeza begani kwangu mpaka mlango wa hospitali, nazungumza naye kama vile anasikia.

Miaka yote hii nilidhani hukujua pale. Sasa nakuona ulijua. Mimi huku naogopa kupita Mlali, na wewe huko unaogopa kupita Mlali, na tumeachana hivi kama watu waliogombana.

Mwanangu, mimi sihitaji baridi, ninayo ya kutosha. Nataka kile kioo kishuke. Kikishuka nitapanda pikapu. Nitakaa kwako siku ngapi, hilo tutaongea, lakini kupanda nitapanda, na Mlali nitakishusha kwa mkono wangu.

Kwenye kikapu kuna njegere. Zimwage zote, angalia chini, kuna kitu nimekifunga kwenye kitambaa. Nilikuwa nakiweka chini ya mto wa kulalia.

Mama yako anayekuwaza.


Msamvu, 14 Februari 1996

Mama, shikamoo. Shikamoo tena.

Kikapu kimefika. Njegere nilizimwaga mezani kama ulivyosema. Ule mkono nilikaa nao mpaka chai ikapoa.

Ni kweli nilijua. Nilikuwa natazama barabara, lakini nilisikia ulipoacha kumpepea. Na mimi nikanyamaza kwa ajili yako.

Jumamosi napanda. Rejeta ile ile, sina haja ya nyingine. Pale kwenye kona ya kanisa nitapiga honi, mwambie Scholastika naye ajitayarishe kunicheka. Ugali wa watu wawili uache hivyo hivyo.

Rehani jana amefungua mlango wa upande wako, akabandua mpira wote, akaufunga ule mkono mahali pake. Kioo kinashuka mpaka mwisho. Nimekijaribu mara nyingi hadi fundi akachoka na mimi. "Kasimiri," akasema, "kazi yote ile tuliyoifanya, sasa ubaridi wote si utatoka nje?"

Nimemwambia acha utoke.

Mwanao, Kasimiri.