Baiskeli Yangu Niliyosema ni ya Mama Mkwe

Kwako Shangazi Zakia unayejibu barua za watu gazetini, salamu sana. Nakuita Shangazi kwa sababu gazeti linakuita hivyo, lakini kwa umri wangu ningeweza kukuzaa na kukuoza. Nina shida moja tu, na barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu aniandikie, maana nilisoma ngumbaru nikapata cheti wakati wenzangu wanasinzia, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiilaumu, ni mkono uliozoea jembe.

Mimi ni Shamte Likwata wa Rutamba, mkulima wa korosho, na nina baiskeli. Siyo hizi za siku hizi zinazolia kama panya, yangu ni chuma hasa, niliinunua Lindi mjini mwaka tisini na sita nikaiendesha kutoka dukani mpaka hapa bila kushuka hata kwenye vilima, na mashahidi walikuwepo ila wote wameshafariki.

Sasa Shangazi unawajua watu. Huku kwetu ukiwa na baiskeli nzima imekuwa ya kijiji, huyu anakwenda kusaga, huyu anampeleka mkewe zahanati, huyu ana gunia lake, na kumwambia jirani "sikupi" ni aibu, watakusema mpaka siku ya kukuzika. Nikafikiri mwenyewe, hakuna aliyenifundisha, nikaanza kusema baiskeli hii siyo yangu, ni ya mama mkwe wangu Bi Zuhura wa kule kijijini Sudi, kaniachia nimtunzie. Maombi yakakoma. Nani ataomba kitu cha mama mkwe wa mtu? Mimi mwenyewe sikai naye mkeka mmoja wala sinyooshi mguu mbele yake, sembuse kugawa mali yake. Miaka yote hiyo hakuna makalio yaliyokalia siti ile ila yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani, nikaiegemeza na za wenzangu, sikuifunga, maana nani angeigusa? Kumbe mwizi hakuwa mtu wa hapa, hakuna aliyemwambia kuwa ni ya mama mkwe. Natoka kuzika, baiskeli hakuna.

Nimeitafuta wiki tatu kwa miguu, nikaikuta kijiji cha pili kwa bwana mmoja anaitwa Sipriani, imeshabadilishwa siti na kengele, lakini niliijua kwa mbali kwa mlio wa mnyororo. Nikashika usukani. Akasema, "Mzee niachie, nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anapita." Nikamwambia, "Aliyekuwa anapita na baiskeli yangu!" Tukafika polisi tumeishika wote wawili, yeye nyuma mimi mbele. Afande akataka risiti. Risiti ililiwa na mchwa, na mchwa hao niliwachoma moto. Akataka namba ya fremu. Namba niliipaka rangi ya kijani iliyobaki walipopaka madirisha ya msikiti, kwa urembo. Akasema basi ibaki hapa kituoni, Jumamosi lete barua ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wawili.

Nikasema hiyo kazi ndogo, Rutamba nzima inanijua. Nikaenda kwa Valentini, fundi wetu wa baiskeli. Akanijibu, "Mzee Likwata, baiskeli ile naijua mpaka makovu yake. Lakini mwenyewe si mama mkwe wako? Kila pancha ulikuwa unanipunguzisha bei kwa heshima yake!" Nikaenda kwa Twalib, mwenyekiti wetu, akacheka mpaka akakaa chini, akasema hawezi kugonga muhuri mpaka amuulize mwenye mali. Akapiga simu Sudi, akaweka sauti kubwa, na ofisini watu wamejaa.

"Shikamoo Bi Zuhura. Eti una baiskeli huku Rutamba kwa mkweo?"

Mama akauliza, "Rangi gani?"

"Kijani."

"Ee, hiyo hiyo. Mwambie mkwe wangu ahsante kwa kunitunzia. Sasa ailete, wajukuu wamechoka kubeba samaki kichwani."

Shangazi, watu walipiga vigelegele kama harusini. Sasa mimi kubishana na mama mkwe siwezi, sijawahi hata kumpandishia sauti. Na kusimama mbele ya kijiji niseme nilidanganya pia siwezi, mimi ni mtu wa heshima. Lakini korosho zimeanza kudondoka, shamba liko mbali, na magoti yangu ni ya zamani kuliko baiskeli. Nifanye nini niipate hiyo Jumamosi bila mtu yeyote kujua ukweli? Jina langu uliandike kwa herufi kubwa ili wajue ni mimi niliyeandika.

SHAMTE LIKWATA, RUTAMBA

SHANGAZI ZAKIA ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa baiskeli, na pole zaidi kwa magoti.

Kwanza, nilikupigia simu kukuuliza kama kweli unataka jina lako litoke, ukanifokea nisiguse hata herufi moja. Haya, limetoka. Leo Jumatano Rutamba wameshasoma, kwa hiyo hilo la "bila mtu yeyote kujua" tulifunge hapa hapa. Ungeniomba nilifiche ningelificha.

Sasa tuitafute baiskeli. Valentini anajua makovu yake? Vizuri. Jumamosi aje kituoni, aulizwe kabla hajaoneshwa: imechomelewa wapi, spoku zipi alibadilisha, keria ina nini. Wewe nawe kesho mwombe afande akuruhusu ukwangue hiyo rangi ya msikiti, namba isomeke na iandikwe kwenye barua ya mwenyekiti. Ukishaipata, namba hiyo iandike pia nyumbani, mahali ambapo mchwa hawapandi. Na bwana Sipriani usimwite mwizi. Ametapeliwa na mtu yule yule aliyekuibia. Mkiwa pamoja mtamweleza afande sura yake, mkivutana mtamsahau.

Lakini hayo yote hayasaidii kitu kama kijiji kinasema mwenyewe ni Bi Zuhura. Mzee, unalalamika kwamba watu wanapenda kuazima, nawe kwa miaka karibu thelathini umeazima jina la mama wa watu bila kumwomba, tena ukaombea nalo bei nafuu ya pancha! Hujaona aibu, unaona aibu ya kukiri?

Mtu mwenye tamaa na baiskeli haulizi rangi yake. Huyo mama alishaujua uongo wako, na amekuchokoza mbele ya watu ili useme mwenyewe. Ninavyomsikia, baiskeli haitaki. Anataka kuombwa radhi. Na kwa kuwa huwezi kukaa naye uso kwa uso, fanya kama inavyofanywa: tafuta mshenga. Kaka wa mkeo anafaa. Kesho Alhamisi apande gari la asubuhi aende Sudi na doti moja ya kanga na maneno matatu tu: alidanganya, anajuta, anaomba. Jioni Bi Zuhura ampigie mwenyekiti simu ile ile, kwa sauti kubwa ile ile. Ijumaa baada ya swala usimame useme kwa kinywa chako. Watacheka. Waache wacheke, halafu muulize Twalib muhuri uko wapi.

Na Bi Zuhura akishikilia kuwa ni yake? Mpelekee, kwa mikono miwili, wala usinung'unike njiani.

Maneno ya kujisifu usimpe mshenga ayabebe. Garini hakuna nafasi.